Mkaratusi Mwekundu

Inspekta Ciakuthii aliukanyaga ule mti wa jukwaa kwa buti, akaishika ncha yake kwa mikono miwili, akaivuta juu. Hakutarajia lolote. Ulikuwa mkaratusi mnene kama mkono wa mwanamume, na mtu akitaka kuvunja mkaratusi wa unene huo huenda kutafuta shoka. Mti ukalia ko! ukakatika.

Konstebo Mutwiri alirudi nyuma hatua moja.

"Madam, hiyo umevunja na mkono?"

Ciakuthii alichuchumaa, akageuza kile kipande juani. Mkaratusi ukivunjika huacha nyuzi ndefu zilizochanika kama ufagio uliochakaa. Huu ulikatika bapa, kama karoti. Na ndani ulikuwa mwekundu. Si ule wekundu hafifu wa mbao za zamani, bali wekundu wa nyama iliyotoka kuchinjwa asubuhi ile.

Aliinua macho akalitazama kanisa. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta, juu kidogo ya madirisha, na upande wa mashariki jukwaa la mafundi lilikuwa bado limeinama vile vile lilivyoinama Jumanne, siku fundi Kailemia alipoanguka nalo. Kailemia alikuwa fundi wa mawe anayejulikana Kianjai yote. Alianguka kutoka juu ya ukuta, akatua juu ya rundo la kokoto, na gari lililombeba kumpeleka hospitali Meru lilifika likiwa limebeba maiti.

Maafisa waliotangulia kufika walimkamata Misheck siku hiyo hiyo. Misheck naye alikuwa fundi, na Jumatatu, siku moja kabla, alikuwa amegombana na Kailemia mbele ya watu kumi kuhusu nani atasimamia kazi ya paa. Walipopekua kibegi chake cha kazi walikuta msumeno, na meno ya msumeno yalikuwa na unga mwekundu wa mbao uliofanana kabisa na mti uliovunjika. Basi faili likaandikwa mauaji, na Misheck alikuwa wa kusomewa mashtaka Jumatatu inayokuja. Leo ilikuwa Jumamosi. Faili lilimfikia Ciakuthii jana jioni pale ofisi ya upelelezi mjini Meru, likiwa na karatasi tano tu.

"Tafuta pale palipovunjika Jumanne," alimwambia Mutwiri. "Mahali penyewe Kailemia alipokuwa amekanyaga."

Walipapata. Ciakuthii alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akakipitisha polepole. Msumeno huacha mistari, hata ukiwa mkali namna gani. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Mti ulikuwa umekatika wenyewe, bapa, kama ule aliouvunja yeye.

"Hii miti wazee wa kanisa waliinunua wapi?"

"Hawakununua, Madam. Walisema Kailemia mwenyewe alikuja nayo. Hakuna mtu aliuliza."

"Na sisi hatukuuliza?"

Mutwiri alitazama chini. "Tulikuwa tumepata msumeno."

Misheck alikuwa kwenye seli ya kituo cha polisi kilichokuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka hapo. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye mabega mapana, na siku nne za seli zilikuwa zimemtoa ndevu nyeupe ambazo pengine hata mke wake hakujua kuwa anazo. Ciakuthii alimketisha kwenye kiti, akafungua daftari.

"Jumatatu ulimwambia Kailemia nini?"

"Mama, nilisema mengi."

"Yale yaliyoandikwa hapa ni kwamba ulimwambia atashuka pale juu apende asipende."

"Nilimaanisha kazi. Wazee walikuwa wameahidi mimi paa. Nilimaanisha atashuka kazini." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mimi na yeye tumejenga pamoja miaka tisa. Watoto wangu wanaita bibi yake tata, kama shangazi yao. Mimi ningeua mtu juu ya paa?"

"Msumeno wako una unga mwekundu."

"Utakosaje? Ni mimi nilikata hiyo miti kwa kipimo tukifunga skafoldi, hilo jukwaa! Tulikuwa watatu tukikata. Na nilimwambia Kailemia, hii miti yako inakatika kama sabuni, msumeno unaingia tu wenyewe. Akacheka. Akasema ni kwa sababu msumeno wangu ni mpya."

Ciakuthii aliacha kuandika.

"Alisema aliitoa wapi?"

"Alisema amepewa. Hakusema ni nani."

Nje ya kituo Ciakuthii aliweka kipande cha mti juu ya boneti ya gari, akakipiga picha tatu, akamtumia Ednah. Ednah alikuwa ofisa wa misitu mjini Meru, na walikuwa wamesoma sekondari moja. Haikupita dakika tano kabla ya simu kulia.

"Umetoa wapi hiyo kitu?" Ednah hakusalimia.

"Kianjai. Ni mkaratusi?"

"Ganda ni la mkaratusi, tena mchanga, hauna miaka mitano. Mkaratusi wa umri huo ndani huwa mweupe. Wekundu kama huo nimeuona mara moja tu, kwa semina. Ni miti imehaririwa jeni ndio itengeneze karatasi. Wanapunguza ile gundi ya ndani, na ikipungua rangi inabadilika. Kuzunguka huu mlima kuna shamba moja tu la majaribio, juu ya Runyenjes. Lakini Ciakuthii, hiyo miti hairuhusiwi kutoka huko. Hata tawi. Wakikata, wanachoma, na wanatia sahihi kwamba wamechoma."

Ciakuthii alitazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

"Mimi nateremka Embu," alimwambia Mutwiri. "Wewe baki. Saa kumi kuna maombi nyumbani kwa marehemu. Keti na watu, angalia nani amekuja na nani hajakuja. Maombi yakiisha, umwendee mjane pole pole, umuulize miti ilitoka wapi. Yakiisha, sio kabla. Hajamzika mume wake."

"Sawa, Madam."

Hilo la kusubiri maombi yaishe, Ciakuthii alikuja kulijutia.

Shamba la majaribio lilikuwa mwisho wa barabara ya udongo wa murramu iliyopanda katikati ya mashamba ya majani chai mpaka karibu na mpaka wa msitu. Langoni alikanyaga ndani ya karai la dawa ili viatu visibebe magonjwa ya miti, akaandika jina kwenye kitabu cha wageni, kisha akangoja. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka mlimani.

Daktari Wambeti alikuja akitembea haraka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa koti jeupe juu ya gambuti zenye matope, na alikuwa na uso wa mtu aliyelala kidogo kwa wiki nyingi.

"Polisi? Kuna nini?"

"Nataka kujifunza tu habari za miti yenu," Ciakuthii alisema.

Daktari alimwongoza. Upande mmoja palikuwa na mistari ya mianzi na mkonge, na banda ambalo ndani yake wanawake wawili walikuwa wakikamua nyuzi za migomba kwa mashine. Yote hayo, alieleza, ni kutafuta karatasi bila kumaliza msitu. Lakini sauti yake ilipata uhai walipofika kwenye mikaratusi.

"Mti wa kawaida una nyuzi, na una gundi inayoshikanisha hizo nyuzi. Karatasi inataka nyuzi tu. Kwa hivyo kiwanda kinachemsha mbao na dawa kali kutoa gundi, na hiyo dawa lazima iende mahali. Mara nyingi inaenda mtoni. Sisi tumegusa jeni moja ndani ya mti. Hatujaongeza kitu cha nje, tumenyofoa kidogo tu. Gundi inapungua karibu nusu. Unachemsha kidogo, dawa kidogo, maji kidogo."

"Na gundi ikipungua, mti unabaki na nguvu yake?"

Daktari Wambeti alichelewa kujibu kiasi cha pumzi moja. "Unasimama," alisema.

Ciakuthii aliitazama ile miti. Ilikuwa imenyooka kama mistari ya daftari. Lakini pande zote nne shamba lilikuwa limezungushiwa ukuta wa saiprasi ndefu za kuzuia upepo, na kila mkaratusi ulikuwa umefungwa kwenye waya uliovutwa kutoka nguzo ya chuma hadi nyingine. Mti unaojitegemea haufungwi waya.

Katika mstari wa nne palikuwa na visiki tupu. Alivihesabu.

"Thelathini. Ilienda wapi?"

"Ilikuwa inakaribia kutoa maua. Kibali chetu kinasema mti usifike maua, ukatwe na uchomwe. Tulichoma." Alijibu kama mtu anayesoma. "Rekodi ipo."

Rekodi ilikuwapo kweli, ndani ya faili la kijani pale ofisini. Alhamisi tarehe tisa Aprili, miti thelathini, imechomwa kwenye shimo la taka kuanzia saa tano mchana, imekuwa majivu yote kufikia saa kumi na moja. Sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Daktari Wambeti, ya pili ya msimamizi wa shamba, Kathuri.

"Ulikuwapo ikichomwa?"

"Sahihi yangu si hiyo?"

Ciakuthii aliomba kuliona shimo. Lilikuwa nyuma ya ofisi, na ndani yake palikuwa na majivu kidogo na mifuko ya plastiki iliyoungua nusu. Hilo halikumwambia mengi, maana wiki tatu za mvua huosha mengi. Lakini akirudi, macho yake yaliangukia kitu kilichosimama katikati ya uwanja wa nyasi, kopo refu la shaba juu ya kigingi.

"Ni nini hiyo?"

"Kipima mvua. Tunapima kila siku, saa tatu asubuhi."

"Nani anaandika?"

"Mimi mwenyewe," Daktari alisema, na alipokwisha kusema ndipo Ciakuthii akaona rangi ya uso wake ikibadilika.

Kitabu cha mvua kilikuwa kimening'inizwa kwa kamba ukutani. Ciakuthii alifungua Aprili. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu makini. Tarehe kumi asubuhi, mvua ya saa ishirini na nne zilizopita, milimita arobaini na moja. Pembeni, kwa mkono ule ule: *ilianza saa nne, haikukatika mpaka usiku.*

"Daktari," alisema bila kupandisha sauti, "miti mibichi thelathini iliungua vipi ikawa majivu ndani ya hii mvua?"

Daktari Wambeti aliketi. Kisha akavua miwani.

"Sikwenda shimoni. Mvua ilikuwa kubwa. Kathuri alileta karatasi siku ya pili, akasema kazi imeisha, nikatia sahihi. Kathuri amekuwa nami tangu hii miti ikiwa miche kwenye vikopo. Sikuwa na sababu ya kumshuku."

"Na mimi nilipokuuliza sasa hivi, kwa nini ukanidanganya?"

"Kwa sababu unajua watasema nini!" Sauti ilimpanda. "Kuna watu wanangoja siku moja tu wasikie kuna kosa hapa, waseme miti ya hawa watu ni sumu. Si sumu. Ng'ombe anaweza kula majani yake. Ni miaka kumi na moja ya maisha yangu."

Ciakuthii alifungua mfuko wa ushahidi, akaweka kile kipande juu ya meza. Daktari alikitambua kabla hakijatua.

"Hiki kilikuwa kimembeba fundi, Kianjai," Ciakuthii alisema. "Amekufa. Niitie Kathuri."

"Leo yuko na msiba. Alikuja tu kufunga pampu ya maji, alikuwa anaondoka..." Daktari alisita. Macho yake yalihama kutoka kwenye kile kipande hadi kwa Ciakuthii. "Ni mkwe wake aliyekufa. Alisema amekufa huko Meru, kazini. Sikujua..."

Mvua ilianza kugonga mabati.

Kathuri aliingia amevaa koti lake la kanisani, kofia mkononi, mzee wa miaka sitini na kitu, na mikono iliyopasuka kwa udongo. Alimpa Ciakuthii mkono kwa heshima, na aliposikia jina lake akamsalimia kwa Kiembu, maana jina lile ni la Mbeere na Mbeere si mbali.

"Ni wewe umeshika kesi ya Kailemia? Mungu akubariki, mama. Nasikia mumemkamata yule alikata miti na msumeno."

"Keti, mzee."

Aliketi.

"Tarehe tisa Aprili, mlichoma miti thelathini hapa?"

"Tulichoma."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Mvua ilikuwa inanyesha kama hivi sasa."

Kathuri alitazama dirishani, kisha akamtazama Daktari, ambaye hakuinua uso. Akaizungusha kofia mikononi mara moja, mara mbili.

"Sikuchoma," alisema hatimaye. "Mimi nimepanda hiyo miti. Nimeimwagilia kwa kikombe. Miaka minne, mti umenyooka vile, halafu naambiwa piga moto. Mtoto wangu Nkirote ameolewa Kianjai, wanajenga nyumba, wanatafuta miti ya ujenzi hawapati. Nikaona, si heri iende huko? Lori lilikuwa linapita na mbolea, likarudi na miti." Aliinua kidevu. "Kama huo ni wizi, nishtaki. Nitakubali. Lakini hiyo haina uhusiano na kifo cha Kailemia. Huyo ameuawa na mtu."

Ciakuthii alikuwa amehoji wezi wengi na wauaji kadhaa, na alijua namna ya kukaza sauti. Hapa hakuikaza. Alikisukuma kile kipande mpaka mbele ya mzee.

"Kivunje."

"Nini?"

"Kivunje, mzee. Kwa mkono."

Kathuri alikishika kama mtu anayetaniwa. Akakikunja. Kikalia ko.

Alibaki ameshika vipande viwili, kimoja kila mkono, wekundu wake ukimtazama.

"Mti mwekundu kwetu ni mti mgumu," alisema. "Muiri, ule mti wa msituni, ni mwekundu. Nilipoikata nikaona wekundu, nikasema, Nkirote atapata nyumba ya kudumu." Akamgeukia Daktari. "Uliniambia ni miti ya karatasi. Hukuniambia haibebi mtu. Ungeniambia hivyo, ningeichoma hata na nguo zangu."

Daktari Wambeti alilivuta faili la kijani, akalifunga.

Ciakuthii naye alikuwa amefikia jambo jingine, na lilimfika ghafla hata akasimama. Visiki vilikuwa thelathini. Kule kanisani, asubuhi, alikuwa ameona miti isiyozidi kumi na miwili.

"Mzee, miti mingine iko wapi?"

"Nyumbani kwao."

"Inafanya nini?"

"Imeshikilia slabu, paa la zege. Ya baraza ya mbele. Walimwaga saruji Ijumaa ile nyingine, kabla... kabla ya Kailemia..." Aliacha kusema. Alikuwa ameelewa pia.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika nane.

Ciakuthii alimpigia Mutwiri. Sauti ya mwanamke wa mtambo ikamwambia nambari hiyo haipatikani. Akapiga tena. Alimjua Mutwiri, kijana aliyelelewa kanisani. Maombi yakianza huzima simu. Akapiga kituoni, akapewa jibu la haraka la kwamba gari linatoka sasa hivi, na gari likitoka sasa hivi lingechukua dakika ishirini kwenye tope.

"Mpigie mtoto wako," alimwambia Kathuri.

Vidole vya mzee vilikosea mara mbili. Ciakuthii aliichukua simu, akatafuta jina, akabonyeza, akaweka spika, akairudisha mezani. Ililia muda mrefu. Kisha sauti ya chini ikajibu, na nyuma yake watu wakiimba, na juu ya wimbo, mvua.

"Baba? Tuko kwa maombi. Pasta ameshaanza."

"Nkirote, uko wapi?"

"Nyumbani, Baba."

"Wapi nyumbani? Umesimama wapi?"

"Kwa baraza. Mvua imetushika, tumeingiza viti vyote huku chini. Watu ni wengi, Mungu amewaleta. Utafika saa ngapi?"

"Tokeni hapo."

"Nini?"

"Toka na watu. Sasa hivi. Tokeni nje, hata kwa mvua."

"Baba, kuna akina nyanya hapa, kuna watoto. Nitawatoaje kwa mvua katikati ya maombi? Nitakupigia." Sauti yake ilikuwa na upole wa mtu anayemwonea huruma mzee aliyechanganywa na msiba. "Pumzika, Baba. Nitakupigia."

"Usikate!" Kathuri alisimama. Kofia ikaanguka. "Nkirote, usikate. Kailemia hakuuawa na Misheck. Hakuna mtu alikata mti. Ile miti ilivunjika yenyewe. Ile miti nilikuletea. Ni mibovu, haibebi kitu, nimeivunja hapa kwa mkono wangu. Ni mimi. Ni mimi nilimuua mume wako, mama, na hiyo mingine iko juu ya kichwa chako."

Wimbo uliendelea kule kwa mistari miwili. Ciakuthii alisikia pumzi ya Nkirote, moja, kisha nyingine.

Halafu sauti ikapasuka kwenye spika, si ya kilio, ni ya amri. "Tokeni! Pasta, nyamaza! Tokeni nje wote! Shika watoto! Usiguse nguzo!" Kelele, viti vikianguka, mtoto akilia, sauti ya Mutwiri ikiuliza ni nini. Kisha simu ikagonga kitu kigumu, ikakatika.

Kathuri alibaki amesimama. Daktari Wambeti alikuwa ameshika ukingo wa meza. Ciakuthii alijaribu Mutwiri, hakupatikana. Alijaribu Nkirote, simu ikalia bila kujibiwa. Hakujaribu tena, maana alijua kwamba yeyote aliye na mikono huko anaihitaji kwa kazi nyingine. Dakika zikapita. Mzee alikuwa akiomba kwa Kiembu, maneno machache tu, yale yale, na Ciakuthii alitamani asingekuwa anayaelewa.

Simu ilipolia, ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na sita.

"Madam." Mutwiri alikuwa akihema. "Tumetoka. Wote. Kulikuwa na nyanya mmoja hawezi kutembea, nimembeba na kiti chake. Nimemweka chini, nimegeuka, hivi, ikashuka. Slabu yote. Haikupiga kelele kwanza, imekaa tu chini kama mtu amechoka. Viti vyote viko huko ndani."

"Umehesabu watu?"

"Mara mbili. Pasta amehesabu, na mjane amehesabu. Kuna mzee ameumia mkono akiruka. Hakuna mwingine."

Ciakuthii alimgeukia Kathuri, akaitikia kwa kichwa kumwambia wamepona. Mzee alichuchumaa. Alianza kuokota vile vipande vya mti vilivyoanguka sakafuni, akavipanga juu ya meza, kimoja kando ya kingine.

Yaliyobaki yalikuwa kazi. Ciakuthii alipiga simu kituoni, akaagiza Misheck atolewe seli apewe chai, akae ofisini mpaka yeye afike na karatasi za kumwachilia. Alimpa Daktari Wambeti karatasi tupu. Daktari aliandika kwa mwandiko ule ule mzuri, kwamba hakushuhudia, kwamba alitia sahihi, kwamba alijua miti ile haifai kubeba uzito na hakumwambia aliyeikata. Alipofika mwisho kalamu ilisimama.

"Niandike pia kwamba miti yenyewe haina kosa?"

"Andika unachokijua," Ciakuthii alisema. "Hakimu atasoma."

Daktari alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaandika sentensi hiyo, akatia sahihi chini yake.

Kathuri alieleza, Ciakuthii akaandika, mzee akasikiliza aliposomewa na kusema ni kweli. Alipokuwa akitafuta mahali pa kutia sahihi, simu ya Ciakuthii ikalia tena. Mutwiri.

"Madam, mjane yuko hapa. Anataka nikupe ujumbe wa kumpa baba yake. Hataki kuongea naye mwenyewe."

"Sema."

Alisikiliza. Kisha akaishusha simu, akamwambia mzee kwa Kiembu, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, maana aliona hiyo ndiyo heshima pekee iliyobaki ya kumpa.

"Anasema mazishi ni Alhamisi. Anasema usije. Atakutumia mtu wa kukuita, na siku hiyo ndiyo uje."

"Amesema ataniita?"

"Amesema ataita."

Kathuri alitia sahihi. Akainuka, akavua koti la kanisani, akalikunja vizuri, akamwachia Daktari Wambeti kitini, alitunze mpaka siku atakayoitwa. Kisha akatangulia kutoka nje, mvuani, kuelekea garini, akiwa na shati tu, na Ciakuthii akamfuata bila kutoa pingu.